Kilo ni zile zile, lakini mikono imekwisha: lishe ya mgonjwa anayesafishwa damu

SWALI: "Shikamoo daktari. Namuuguza baba yangu hapa Ngamiani, Tanga. Ana miaka 63, ana presha, hana kisukari, na anasafishwa damu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mwaka wa pili sasa. Mkojo anapata kidogo sana. Kabla hajaanza mashine tuliambiwa apunguze nyama, samaki, mayai na maharage ili asizichoshe figo, na tumeshika hivyo mpaka leo. Asubuhi uji mweupe na vipande viwili vya mkate, mchana wali kwa mchicha, usiku supu au uji tena. Akitoka kwenye mashine mizani inasoma kilo 62, vile vile tangu mwanzo. Lakini mikono imekwisha, pete inazunguka kidoleni, na akimaliza kuswali hanyanyuki kwenye mswala mpaka ashike ukuta. Jioni miguu inavimba. Kreatinini imeshuka kutoka 980 hadi 610, tukafurahi kwamba figo zinarudi. Majirani wanasema tumpe madafu na supu ya kongoro, na mdogo wangu anataka kumnunulia unga wa protini wa watu wa mazoezi. Je, nikimwongezea kitoweo nitazimaliza figo zake? Na kwa nini anakwisha ilhali kilo hazipungui?"

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Nianze na lile la mwisho kwa sababu ndilo linalowachanganya. Nyama ya mwili wa baba imepungua. Kilichoshika nafasi yake kwenye mizani ni maji. Na mlo mnaompa ulikuwa sahihi siku ile mlipoambiwa, ila uliacha kuwa sahihi siku alipounganishwa na mashine kwa mara ya kwanza. Siku hiyo sharti la kitoweo liligeuka, likawa kinyume chake, na inaonekana hakuna aliyekaa nanyi kuwaeleza. Hamkumkosea baba. Mmetii kwa uaminifu agizo ambalo muda wake ulikwisha.

Protini ikitumika mwilini huacha taka, ikiwemo urea, pamoja na tindikali. Figo zilizochoka haziwezi kuzitoa, kwa hiyo mgonjwa ambaye bado hajafika kwenye mashine hupunguziwa protini ili taka zipungue na figo zilizobaki zidumu. Baba ameshavuka hatua hiyo. Taka zake sasa zinatolewa na mashine, na kichujio cha mashine hakichagui: kinapotoa urea kinatoa pia amino asidi, yaani yale matofali madogo ambayo mwili huyatumia kujenga misuli. Katika kipindi kimoja cha saa nne zinaweza kuondoka gramu 6 hadi 12. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Chukulia basi kwamba kila anaporudi nyumbani kutoka kwenye mashine, yai moja au mawili yameondoka kwenye damu yake, na hayo ni mara tatu kwa wiki. Asipoyarudisha kwa mdomo, mwili utayachota kwenye mapaja na mabega.

Ndiyo maana anayesafishwa damu anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Tumhesabie baba kilo 60 ili hesabu iwe nyepesi: gramu 60 hadi 72 kwa siku. Sasa jumlisha anachokula. Uji mweupe, gramu 2 au 3. Vipande viwili vya mkate, kama 5. Vikombe viwili vya wali, 8. Mchicha, 3. Uji wa usiku, 2 au 3 nyingine. Hazifiki 25. Hiyo si hata nusu ya anachohitaji, na kichujio bado kinachukua chake.

Jibu la swali lako la kwanza, basi, ni hapana. Kitoweo hakitazimaliza figo zake. Huo mkojo kidogo uliobaki ni wa thamani na inafaa kuulinda, ila wa kuuogopa zaidi ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa dukani bila kuulizwa, pamoja na dawa za mitishamba zisizojulikana ndani yake mna nini. Samaki hayumo kwenye orodha hiyo. (Msomaji mwingine mwenye ugonjwa wa figo ambaye hajaanza mashine asichukue hesabu hii. Yake ni tofauti na ataipata kwa daktari wake.)

Turudi kwenye mizani. Kila mgonjwa ana kile kinachoitwa uzito mkavu, yaani uzito anaotakiwa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa. Wa baba uliwekwa kilo 62 alipoanza. Tangu hapo mashine inapangwa itoe maji mpaka afike 62, kisha isimame. Kama katika mwaka huu amepoteza kilo 4 za misuli na mafuta, uzito wake mkavu wa kweli sasa ni 58. Lakini mashine bado inasimama kwenye 62, na inamwachia lita nne za maji mwilini, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Mizani haitaonyesha chochote. Miguu inayovimba jioni ndiyo inayoonyesha. Mwangalie na mengine: presha inayokataa kushuka ingawa dawa anameza, kikohozi akilala chali, kuomba mto wa pili usiku. Kilo 4 nimezitaja kama mfano tu. Kiasi halisi atakijua daktari kwa kumpima, na kwa kawaida uzito mkavu hushushwa kidogo kidogo kipindi baada ya kipindi, kwa sababu maji yakivutwa kwa pupa presha huanguka na misuli hukaza kwenye mashine. Msiombe wauguzi "wavute zaidi" kabla daktari hajapanga.

Hiyo kreatinini iliyowafurahisha ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi katika barua yako. Kreatinini ni taka inayotengenezwa na misuli na kutolewa na figo. Mtu mwenye misuli mingi huitengeneza nyingi, aliyekonda huitengeneza kidogo. Kwa mgonjwa ambaye bado hajaanza mashine, kushuka kwake kunaweza kuwa habari njema. Kwa baba, ambaye mkojo umekaribia kukatika na mlo wake hauna kitoweo, kutoka 980 hadi 610 kuna uwezekano mkubwa kunamaanisha kwamba kiwanda chenyewe, misuli, kimepungua. Mwambieni daktari hivyo hivyo: kreatinini imeshuka, mkojo haujaongezeka, na mikono imekwisha. Maneno hayo matatu yakienda pamoja yatamfanya asimame asikilize.

Mlo si sababu pekee, na ni haki ujue hilo usije ukajilaumu kitoweo kikiongezeka na nguvu zikachelewa. Tindikali ikijaa kwenye damu huuamuru mwili uvunje misuli, na kipimo chake ni bikaboneti, ambayo kabla ya mashine inapendeza isishuke chini ya 22. Maambukizi ya kimyakimya hufanya vivyo hivyo: mrija wa shingoni uliokaa muda mrefu, fizi zinazotoa usaha, kifua kikuu kilichojificha. Damu ikisafishwa pungufu, labda kwa kukatisha saa au kuruka siku, hamu ya kula huondoka na mdomo huwa na ladha ya chuma. Upungufu wa damu humlaza kitandani, na msuli usiotumika hupungua. Waulizeni wamcheki yote haya, pamoja na albumini, protini ya kwenye damu, ambayo ikiwa chini ya 38 ni alama ya hatari ingawa si ya lishe peke yake.

Sasa jikoni. Katika nyumba zetu nyingi mgonjwa hupewa supu na nyama huachiwa wazima. Kwa mgonjwa huyu ni kinyume kabisa. Nyama ikichemka, potasiamu na sehemu ya fosforasi hutoka na kuingia kwenye maji, na chumvi tunaitia humo humo. Protini yenyewe inabaki kwenye mnofu. Kwa hiyo bakuli la supu linampa baba maji, chumvi na potasiamu, vitu vitatu anavyotakiwa kuvibana, na kitu anachokihitaji kinabaki sufuriani. Kongoro ni hivyo hivyo: ule mnato ni protini duni kwa kujenga misuli. Mchemshie nyama, mwaga maji, umkaangie au umpikie mchuzi mzito kidogo, na mnofu uwe wake.

Kiasi kipime kwa mkono. Kipande cha samaki au kuku chenye ukubwa wa kiganja bila vidole, unene wa kiganja, kikiwa kimeiva ni takriban gramu 90 hadi 100, na kina protini gramu 20 na zaidi. Siku ya baba inaweza kwenda hivi: asubuhi mayai mawili (12) na chapati moja (5), mchana wali kikombe kimoja na nusu (6) kwa kiganja cha changu au kolekole (22), usiku ugali wa sembe (7) na kipande cha kuku kilicho pungufu kidogo ya kiganja (17). Imefika 69. Hapa Tanga samaki mbichi mnampata soko la Deep Sea, na huyo mbichi ndiye wa kumpa. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi nyingi, chumvi huleta kiu, kiu huleta maji. Dagaa huliwa na mifupa yake, na mifupa imejaa fosforasi, kwa hiyo wawe mara moja moja, wamevunjwa vichwa na kuoshwa kwa maji ya moto. Kwa mnaobana matumizi, yai ndilo rafiki. Na ute wake mweupe una protini nzuri yenye fosforasi kidogo sana, ambayo ni nadra kukutana katika chakula kimoja.

Hiyo fosforasi ndiyo bei ya kuongeza kitoweo, sitakuficha. Ikizidi huwasha ngozi, hudhoofisha mifupa na kuifanya mishipa ya damu iwe migumu. Ila haidhibitiwi kwa kumnyima mzee chakula. Anzeni kuondoa ile ya viwandani, maana mwili huinyonya karibu yote: soda nyeusi, soseji, jibini za kupaka. Fosforasi ya maharage na mbaazi hunyonywa kidogo kuliko ya nyama, kwa hiyo nusu kikombe cha maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kumwagwa maji si dhambi, mradi hamtii magadi. Kama amepewa vidonge vya kalsiamu kaboneti, vinafanya kazi tumboni kwa kukutana na chakula. Avitafune na matonge ya kwanza. Akivimeza saa moja baadaye havifungi kitu. Na kwa kuwa kitoweo kitaongezeka, daktari huenda akabadilisha idadi.

Madafu, hapana. Najua kwa mtu wa pwani ni neno gumu, dafu ni kinywaji cha mgonjwa tangu enzi. Lakini glasi moja ya mililita 250 inaweza kuwa na miligramu 400 hadi 600 za potasiamu, kiasi cha ndizi mbivu moja au zaidi, na dafu moja hujaza glasi zaidi ya moja. Potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama bila hodi. Kwake hatari zaidi ni Jumapili na Jumatatu, siku mbili bila mashine, na ndizo siku za biriani na machungwa ya Muheza kwenye sinia. Nanasi kipande kimoja au tufaa dogo linatosha. Viazi, muhogo na mchicha vikatwe vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, yamwagwe, vichemshwe tena kwa maji mapya. Chumvi mbadala ya madukani isiingie nyumbani, nyingi ni potasiamu. Na birimbi mnazotia kwenye achari na mchuzi, pamoja na ndugu yake lile tunda lenye pembe tano ambalo ukilikata linatoka nyota, ziondoeni kabisa: zina oksaleti nyingi, na lile la nyota lina sumu ya ubongo ambayo figo zenye afya huitoa na za baba haziwezi. Limeua wagonjwa wa mashine. Kwikwi isiyokoma na kuchanganyikiwa baada ya kulila ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Mkitaka uchachu, ndimu juu ya samaki inatosha vizuri, na inamsaidia kusahau chumvi.

Kitu kingine ambacho watu hukisahau ni nishati. Mkimpa samaki lakini wali ukawa vijiko vitatu, mwili utamchoma yule samaki kama kuni. Anahitaji takriban kilokalori 1,800 kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kinatoa 120 bila tone la maji, kwa hiyo yatieni kwenye wali, kaangeni, na tui kiasi kwenye samaki wa kupaka si kosa. Hapa ushauri wa watu wenye afya wa dona na kupunguza mafuta haumfai. Sembe na wali mweupe vina fosforasi na potasiamu kidogo kuliko dona. Kwa siku ambazo hamu imekufa, chukua uji mililita 200, ukiwa bado unatokota motoni miminia ute wa mayai mawili huku ukikoroga kwa nguvu mpaka uive na kupotea ndani, kisha tia kijiko cha mafuta na sukari. Umeongeza gramu 7 za protini na yeye ameona uji tu. Maji yake yahesabiwe: kwa kawaida ni mililita 500 hadi 750 kwa siku, jumlisha kiasi cha mkojo anaopata, na uji na chai vimo humo.

Siku za mashine ndizo siku ambazo wagonjwa wengi hula vibaya zaidi. Wanaondoka alfajiri na chai kavu, wanarudi saa nane wamechoka, wanalala. Waombeni wauguzi ruhusa ya kumbebea mayai mawili ya kuchemsha yasiyo na chumvi na mkate, au chapati na samaki asiye na miiba, ale katika saa ya kwanza au ya pili akiwa ameinuliwa kichwa. Kama ana tabia ya kuanguka presha kwenye mashine, chakula kikivuta damu kwenda tumboni kitaizidisha. Huyo ale saa mbili kabla na amalizie nyumbani. Mfungo wa Ramadhani ni wa kuzungumza na daktari wa figo na shehe kabla ya mwezi kuandama, na kumbukeni kwamba tende na madafu ya futari ni potasiamu juu ya potasiamu.

Unga wa protini wa watu wa mazoezi, mdogo wako auweke kwanza. Makopo mengine yana fosforasi, potasiamu, kreatini na vitamini A, ambayo kwa mgonjwa wa figo hujikusanya mwilini. Upo unga uliotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa dialisisi, yaani wanaosafishwa damu, na unasaidia, lakini ni ghali, na ni wa anayeshindwa kufikisha gramu zake kwa chakula licha ya kujitahidi. Baba hata hajajaribiwa kwa mayai. Mlonge wa unga nao nauondoa, kwa sababu ya potasiamu.

Protini peke yake haitageuka msuli bila msuli kuombwa kazi. Mkalishe kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano, wewe ukishika saa. Ikizidi sekunde 15, au akishindwa, misuli ya mapaja imedhoofika. Hilo hilo ndilo zoezi lake: siku zisizo za mashine, aanze mara tano kwa kushika meza, apumzike, arudie mara mbili, na kila wiki aongeze moja. Jioni atembee dakika kumi mpaka msikitini na kurudi. Mkono wenye fistula, yaani ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine, usibebe vitu vizito. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, aache.

Mambo yasiyosubiri siku ya mashine: kupumua kwa shida akilala, miguu kuishiwa nguvu ghafla au moyo kudunda ovyo, homa na baridi hasa kama ana mrija wa shingoni, kutapika kila anachokula, choo cheusi. Huyo apelekwe hospitali usiku huo. Ya kupelekwa ndani ya wiki ni chakula kukwama kooni na kutokula kwa zaidi ya siku chache.

Kwa Jumanne ijayo, andika kwenye daftari kila alichokula na kunywa siku tatu mfululizo, Jumapili ikiwemo na siku moja ya mashine ikiwemo. Pima mzunguko wa mkono usio na fistula, katikati ya bega na kiwiko, kwa utepe wa fundi cherehani, akishatoka kwenye mashine, na urudie kila mwezi. Muombe daktari aangalie upya uzito mkavu, bikaboneti, albumini, potasiamu, fosforasi na usafi wa damu wenyewe, kisha mwonane na mtaalamu wa lishe kabla hamjafikisha gramu zote, kwa sababu majibu yake ya damu ndiyo yatakayosema upande gani ubanwe.

Na msiogope mizani ikianza kushuka. Daktari akirekebisha uzito mkavu, maji yatatoka kabla misuli haijarudi, na kwa wiki kadhaa baba ataonekana mwepesi kuliko sasa huku miguu ikiwa haivimbi tena. Baadaye nyama ikirudi, uzito mkavu utapaswa kupandishwa. Akianza kukazwa misuli na kuishiwa presha mwisho wa mashine ilhali anakula vizuri, wakumbusheni. Nguvu huchukua miezi miwili, mitatu. Wewe tazama pale mswalani, kama mkono bado unautafuta ukuta.